Akili Ulipewa kwa Ajili ya Nani?

Somo: Mhubiri 9:13-16; Kutoka 18:13-26; 1 Wakorintho 12



Majuma machache yaliyopita, katika ushirika wetu wa nyumbani, kijana mmoja aliuliza swali ambalo limekataa kunitoka. Alikuwa amepata D katika KCSE. Wenzake wawili wa mtaa huo huo walikuwa wamepita vizuri na wameitwa chuo kikuu, na tulikuwa ndio tumemaliza kuwaombea. Tuliposema amina, yeye akainua mkono. Akasema, "Mimi nilisoma kuliko hawa wawili. Nilikesha, mama yangu anajua. Sasa naomba kuuliza. Kama Mungu hana upendeleo, mbona mwingine anaelezwa kitu mara moja anashika, na mimi naelezwa mara kumi na bado? Na kama wenye akili ndio watakuwa wakubwa siku zote, basi mimi niliumbwa nitawaliwe?"

Nyumba ikanyamaza. Mmoja wetu akasema sisi sote ni sawa mbele za Mungu. Mwingine akasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mwenye nyumba akaleta chai. Nilimtazama yule kijana akipuliza chai yake, nikajua hatukumjibu. Tulimnyamazisha tu.

Nimemwomba mchungaji nafasi hapa nijaribu kumjibu vizuri. Siandiki kama mtu aliye juu ya jambo hili. Mimi ni mmoja wa wale waliopita mitihani, na ili nimjibu kijana huyu itabidi niseme nilichofanya na hiyo akili.

Tofauti zipo, tusidanganyane

Kwanza tuseme ukweli. Watu hawakupewa akili kwa kipimo kimoja. Biblia yenyewe haifichi jambo hilo. Katika Mathayo 25 bwana aliwapa watumishi wake talanta tano, mbili na moja, kila mmoja kulingana na uwezo wake. Danieli na wenzake walipoulizwa maswali na mfalme, walionekana bora mara kumi kuliko wataalamu wa nchi ile. Bezaleli alijazwa hekima na ufundi ili aijenge hema ya kukutania, na si kila Mwisraeli angeweza kuifanya kazi ile. Ukimwambia mwalimu yeyote kwamba hakuna tofauti, atakucheka.

Mimi na kaka yangu mkubwa tulizaliwa nyumba moja, kwetu Busia, sehemu za chini karibu na Mto Nzoia. Tulikula sufuria moja, tukalala mkeka mmoja. Mimi nilikuwa naongoza darasa. Yeye alikuwa anashika mkia, akarudia madarasa, na alipokuwa darasa la tano nikawa nimemfikia. Hebu fikiria, jameni: mdogo wako anaketi nawe dawati moja, halafu mwalimu anamwambia akuelekeze hesabu. Mwaka uliofuata kaka hakurudi shuleni. Akashika plau. Mimi nikafanya KCPE mwaka wa 1985, ile ya kwanza kabisa, nikawa nambari moja shuleni kwetu. Baba akauza fahali ili niende sekondari. Aliyemfunza fahali huyo kulima alikuwa ni kaka yangu.

Pale nyumbani jambo hili halikuhitaji maelezo. Huyu ni kichwa, yule ni mikono. Nami niliamini hivyo ndivyo Mungu alivyogawa. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu mama aliponiambia kwamba kaka alipokuwa na miaka minne, malaria ilimpanda kichwani. Alilala siku mbili bila fahamu. Walimwombea, akapona. Lakini mama aliniambia, "Aliyerudi hakuwa mwepesi kama yule aliyekuwa ameondoka." Wauguzi walio katikati yetu wanaijua hadithi hii. Malaria ya ubongo inaweza kumwachia mtoto ugumu wa kushika mambo hata baada ya homa kuisha. Mbu aliyemuuma kaka angeweza kuniuma mimi. Leo yeye ndiye angekuwa anaandika hapa, nami ningekuwa nyuma ya ng'ombe.

Sisi pia tuliwahi kupimwa

Kabla hatujamgonga kijana huyu muhuri wa D kwenye paji la uso, tukumbuke kwamba sisi wenyewe tuliwahi kugongwa muhuri kama huo. Miaka ya 1930, hapa Nairobi, daktari wa hospitali ya Mathari aliyeitwa H. L. Gordon alikuwa akifundisha kwamba ubongo wa Mwafrika ni duni kwa maumbile. Mwenzake, F. W. Vint, alichukua bongo za Waafrika waliokufa, akazipima, na mwaka wa 1934 akachapisha matokeo yake kwa lugha ya kisayansi. Mambo hayo yalitumika kuuliza kama kuna maana yoyote kumpa Mwafrika elimu ya Kizungu. Yaani babu zetu wote, walio wepesi na walio wazito, waliwekwa katika fungu moja la watu walioumbwa watawaliwe. Swali la kijana wetu lilikuwa limeshajibiwa na madaktari hao wa enzi ya mkoloni, na jibu lilikuwa ndiyo.

Leo wajukuu wa watu hao ni madaktari wa upasuaji, marubani na majaji. Tunajua jibu lile lilikuwa uongo.

Tena kuna jambo lingine la hapa hapa kwetu. Mwaka wa 1984 watafiti waliwapima watoto wa shule huko Embu kwa mtihani wa mafumbo ya picha. Mwaka wa 1998 wakawapima watoto wengine wa sehemu hiyo hiyo kwa mtihani ule ule. Wale wa baadaye walifanya vizuri zaidi kwa tofauti kubwa. Damu ya watu wa Embu haikubadilika kwa miaka 14. Watafiti walitaja mambo mengine: wazazi walikuwa wamesoma zaidi, watoto katika nyumba walikuwa wachache, na chakula kilikuwa bora. Baadaye, huko huko Embu, watoto walipewa githeri shuleni, wengine ikiwa na nyama. Waliokula ile yenye nyama walisonga mbele katika mtihani wa mafumbo kuliko wale ambao hawakupewa kitu.

Kwa hiyo unapotazama alama za mtu, sehemu ni vile alivyoumbwa, sehemu ni mbu, sehemu ni sahani, na sehemu ni kama nyumbani kulikuwa na taa na mtu wa kumsomea. Mungu peke yake ndiye ajuaye kila sehemu ni kiasi gani. Sisemi kwamba tukila sawa wote tutakuwa sawa. Hapana, hata hapo mmoja ataelewa haraka kuliko mwingine. Ninasema tu kwamba mwenye akili nyingi hana msingi wa kujisifu, na mwenye kidogo hana sababu ya kudhani Mungu alimtupa.

Kipimo kilichogeuzwa

Mtihani wa kwanza maarufu wa kupima akili ulitengenezwa Ufaransa mwaka wa 1905 na Alfred Binet pamoja na mwenzake Théodore Simon. Walitaka kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi darasani ili wasaidiwe. Hilo ndilo lilikuwa lengo.

Mtihani huo ukavuka bahari. Kule Marekani, baadhi ya wakubwa wakaona unafaa kwa kazi nyingine, kazi ya kuwatenga watu. Mwaka wa 1927 mahakama ya juu ya nchi hiyo iliruhusu jimbo la Virginia kumfunga kizazi msichana aliyeitwa Carrie Buck kwa sababu walisema akili yake ni pungufu, kama ya mama yake, na kwamba mtoto wake mchanga pia alikuwa hivyo hivyo. Mtoto huyo alikufa akiwa na miaka minane tu. Lakini kabla hajafa alikuwa ameenda shule, na jina lake likaandikwa katika orodha ya wanafunzi wanaofanya vizuri.

Kipimo kilichotengenezwa kumtafuta mtoto wa kusaidiwa kikageuka kuwa kipimo cha kumtafuta mtu wa kuondolewa. Aina ya kipimo ni ile ile. Kilichobadilika ni moyo wa aliyekishika. Na hapo, wapendwa, ndipo lilipo jambo lenyewe. Tofauti ya akili haiamui jamii itakuwaje. Kinachoamua ni wenye akili wameitumia kwa ajili ya nani.

Utawala wa karatasi

Siku hizi mwenye akili hahitaji upanga ili amtawale mwenzake. Anahitaji karatasi tu. Anayeielewa humtawala asiyeielewa. Tazama mikopo ya simu, na yale masharti marefu tunayokubali bila kusoma. Tazama vyama vyetu vya akina mama, pale mmoja tu ndiye anajua daftari linasema nini. Tazama nchi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kashfa ya Goldenberg, Kenya ililipa mabilioni ya shilingi kama fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi. Almasi sisi hatuna ya kuuza. Tume ya Jaji Bosire, iliyoundwa mwaka wa 2003, ilikaa kuchambua jinsi ilivyofanyika. Hiyo haikuwa kazi ya wajinga. Mjinga hawezi kuiba kwa fomu zilizojazwa vizuri namna hiyo.

Sheria yetu inamtaka anayegombea urais au ugavana awe na shahada ya chuo kikuu. Sina neno na hilo. Lakini shahada inatuambia kwamba mtu anaweza kusoma karatasi. Haituambii ataisomea nani.

Ni rahisi kusema hayo juu ya serikali. Sasa niseme yangu.

Baba yetu alifariki mwaka wa 2009 akatuachia ekari sita. Mimi ndiye niliyesoma, kwa hiyo mimi ndiye niliyeenda kwa chifu, mimi ndiye niliyeenda mahakamani, mimi ndiye niliyechora mstari. Nilichora mstari unaokata shamba katikati, kutoka upande hadi upande. Ekari tatu zangu, ekari tatu za kaka. Juu ya karatasi tulikuwa sawa kabisa, hakuna hakimu ambaye angeona kosa. Lakini ekari zangu zilikuwa za juu, zinazopakana na barabara. Zake zilikuwa za chini, karibu na mto. Kila aliyezaliwa sehemu ile anajua maji huingia wapi Nzoia inapofurika. Nilimsomea kaka ile karatasi polepole, kwa sauti ya upole. Akasema, "Wewe ndiye umesoma. Ukiona sawa, ni sawa." Akaweka kidole gumba.

Barabara ikawekwa lami. Nikajenga vyumba vitatu vya maduka. Kaka amepoteza mahindi yake kwa mafuriko si mara moja. Na mimi nikawa natoa fungu la kumi kutoka kwa kodi ya maduka yale, hapa hapa madhabahuni, huku nikiimba.

Yethro alitafuta nini

Mtu anaweza kusema, "Basi mzee, unataka tuchague wajinga watuongoze?" La, hasha. Mjinga mwenye mamlaka huumiza watu hata kama ana moyo mzuri. Daraja lililochorwa vibaya huanguka hata mkandarasi akiwa amefunga na kuomba. Musa mwenyewe, Matendo 7:22 inatuambia, alielimishwa katika elimu yote ya Misri, na Mungu hakumwambia aisahau.

Lakini soma vizuri ushauri wa Yethro katika Kutoka 18:21. Anamwambia Musa atafute viongozi wa aina gani? Wawe watu wenye uwezo. Hilo ni la kwanza, na hapo ndipo akili inapoingia. Halafu wawe wamchao Mungu. Wawe watu wa kweli. Wawe wanaochukia mapato ya udhalimu. Hesabu na mimi: sifa nne. Moja inaweza kuonekana kwenye cheti. Tatu haziwezi. Sisi Wakenya, na kanisa likiwemo, tumechukua ile moja tukaifanya zote nne.

Sulemani alianza vizuri. Katika 1 Wafalme 3 aliomba moyo wa kuelewa, na aliuomba kwa sababu ya watu aliopaswa kuwaamua. Mungu akapendezwa. Lakini fungua sura ya 12. Sulemani amekufa, na watu wanamwambia mwanawe kwamba baba yako alitutwika nira nzito, tupunguzie. Mtu mwenye hekima kuliko wote aliacha nyuma yake taifa lenye mabega yaliyochubuka. Akili haikumwishia Sulemani. Alisahau tu aliiombea nani.

Mzee wa langoni

Katika Mhubiri 9 kuna kisa kifupi. Mji mdogo umezingirwa na mfalme mkubwa. Ndani yake yuko maskini mmoja mwenye hekima, naye kwa hekima yake anauokoa mji. Halafu hakuna anayemkumbuka maskini huyo. Nilikuwa nimesoma kisa hicho mara nyingi. Sikujua kwamba nimo ndani yake.

Wengi mnakumbuka tulipotaka kuchukua mkopo wa kujengea. Nilikuwa katika kamati. Tulikuwa wanne tuliosoma hesabu, tukapiga mahesabu usiku na mchana, kila kitu kikakubali. Tulipoyaleta mbele ya wazee, mmoja wao, ambaye kazi yake ni ulinzi wa usiku na hakupita darasa la tatu, akauliza jambo moja. "Sadaka ikipungua miezi mitatu, ni nani atakuja kugonga lango hili, na mimi nitamwambia nini?"

Tulitaka kucheka. Kisha tukarudi kwenye karatasi zetu, tukakuta tumeandika sadaka kana kwamba haipungui kamwe. Na kila mmoja wetu anajua Januari inavyokuwa, shule zikifunguliwa. Hati ya kiwanja cha kanisa ndiyo ingekuwa dhamana. Tukaacha mkopo, tukajenga kidogo kidogo, na leo hakuna anayetudai.

Mimi ndiye niliyekuwa katibu siku ile. Juzi nilitafuta kumbukumbu za mkutano huo. Nimeandika kwa mkono wangu: "Baada ya majadiliano, kamati iliamua." Mzee yule hayumo. Si swali lake, si jina lake. Tena mwaka huu ni mimi niliyependekeza kwamba mtu asiwe mzee wa kanisa bila cheti cha kidato cha nne. Pendekezo langu lingemfungia nje mtu aliyeliokoa kanisa na makosa yangu. Nimeliondoa. Na mzee huyo nimemwomba msamaha, akaniambia amesahau.

Karama ya nani?

Sisi Wapentekoste tunajua jambo moja ambalo lingetusaidia hapa, ila hatujalipeleka mbali. Tunaamini, kama Paulo anavyofundisha katika 1 Wakorintho 12, kwamba Roho humgawia kila mtu kama apendavyo, na kwamba kila karama hutolewa kwa faida ya wote. Mtu mwenye karama ya uponyaji akianza kuuza maombi kwa bei, tunamkemea. Mwenye unabii akitumia unabii kujipatia shamba la mjane, tunamfukuza. Tunasema karama si yako, ulipewa kwa ajili ya mwili.

Sasa mbona mwenye karama ya kuelewa mambo haraka tunamwachia aitumie kama mali yake? Akimzidi mwenzake ujanja kwenye mkataba, tunasema ni mjanja, amejipanga. Tunampeleka mbele atoe ushuhuda. Ni nani aliyetuambia kwamba ulimi ni wa Roho lakini ubongo ni wa mwenyewe?

Katika mwili, jicho huona mbali kuliko mguu. Hiyo ni tofauti ya kweli. Lakini jicho halikuwekwa juu ili liudharau mguu. Limewekwa juu ili mguu usiingie shimoni. Jicho likiona shimo likanyamaza, ni mwili wote utaanguka, na jicho limo.

Kaka alijua

Mwezi wa Desemba nilienda nyumbani. Nilimkuta kaka chini ya mwembe akitengeneza nira. Nilikuwa nimepanga maneno, nikayasahau. Nikamwambia tu, "Kaka, ule mstari niliochora wakati ule niliuchora vibaya. Nilijua maji yanakuja upande wako."

Hakuinua macho. Akasema, "Nilijua."

Nikadhani hakunisikia. Akaendelea, "Wewe ukiwa shuleni, mimi nilikuwa nachunga ng'ombe huko chini. Ni nani anajua maji yale kuliko mimi? Nilijua siku ile ile uliponisomea."

Nikamuuliza, "Sasa mbona uliweka kidole?"

Akasema, "Mdogo wangu, baba alikuwa hajamaliza mwezi kaburini. Ningekataa, tungepigana mbele ya mama. Nikasema wewe ndiye una macho, siku moja utaona mwenyewe."

Miaka yote hiyo nilidhani nimemzidi akili mtu asiyeelewa. Alielewa kila kitu. Alielewa shamba, alielewa mama, na alinielewa mimi. Yeye alikosa karatasi tu. Na kati yetu wawili, siku ile, aliyefanya kazi ya kiongozi, aliyebeba hasara ili nyumba isivunjike, hakuwa mimi.

Tumekubaliana kuchora mstari upya, kutoka barabarani hadi mtoni, ili kila mmoja apate lami yake na maji yake. Mpimaji ameshakuja, Bodi ya Ardhi imetupa kibali, hati mpya bado tunazingoja. Kodi ya chumba kimoja inaenda kwake tangu Januari. Sijafika kiwango cha Zakayo cha kurudisha mara nne. Mniombee.

Kijana wangu, jibu lako

Sasa narudi kwako, uliyeuliza swali kabla ya chai.

Uliuliza kama uliumbwa utawaliwe. La. Hakuna aliyeumbwa kwa ajili hiyo. Hao wenzako wawili walioitwa chuo kikuu wamepewa talanta tano, na siku moja bwana atarudi kuuliza hesabu ya tano. Ukubwa wao, kama watakuwa nao, ni deni, na wewe ni mmoja wa wanaowadai. Una haki ya kuwauliza: ulipoielewa ile karatasi, ulituelewea na sisi?

Na wewe una yako. Sijui ni ipi. Labda ni mikono, labda ni uvumilivu ule uliokufanya ukeshe na vitabu vilivyokataa, labda ni swali lile lenyewe, maana sisi tuliosoma tulikuwa ndani ya nyumba ile na hakuna aliyethubutu kuliuliza. Aliyepewa talanta moja hakuhukumiwa kwa kuwa ilikuwa moja. Alihukumiwa kwa kuwa aliifukia.

Wapendwa, wiki hii kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja mwenye karatasi asiyoielewa: barua ya shule, fomu ya hospitali, masharti ya mkopo, hati ya shamba. Keti naye. Msomee yote, hata pale panapokuumiza wewe. Na tutakapochagua viongozi, wa kanisa au wa nchi, tusiulize tu huyu anajua nini. Tuwaulize wale wasiojua kama yeye, waliokaa karibu naye miaka mingi, wametendewa nini.

Tuombe. Baba, umetugawia kama ulivyopenda, na hatukuchagua kipimo chetu. Utusamehe sisi tulioelewa haraka tukatumia haraka hiyo kumwacha ndugu nyuma. Umwinue kila aliyeambiwa kwamba hana kichwa. Utupe viongozi wanaoona shimo na kusema. Katika jina la Yesu, amina.